Albamu ya pili imetukwamia: je, kosa ni la mashine?

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi na binti wa baba mdogo tunafanya muziki wa sinthipopu, yaani nyimbo za kuimbwa juu ya vinanda na ngoma za kielektroniki, mimi kwenye mashine, yeye kwenye sauti. Albamu ya kwanza tuliirekodi chumbani kwangu Walukuba, Jinja, kwa laptopu, kinanda kidogo na maikrofoni moja. Vijana wameipenda, tumeitwa hadi Mbale na Kampala. Ya pili imetukwamia, huu ni mwaka wa pili. Dada amehamia Kampala kikazi, ananitumia sauti kwa simu, nami napanga huku. Nikisikiliza, nyimbo zimekuwa baridi, kama anaimba juu ya biti ya mtu mwingine. Kuna mdhamini anasema tatizo ni mashine: atatulipia studio kubwa, atatuwekea mpiga dramu na gitaa, na tuache Kiswahili kwa sababu hapa Uganda hiyo ni lugha ya askari. Mkataba tutaandika baadaye. Dada anataka tuweke embaire, yale marimba ya mbao ya kwetu Busoga. Mimi nataka tubaki na mashine tu. Na kwa miezi mitatu sasa sauti yake inakwaruza, anasema ni vumbi la Kampala. Tubadilishe muziki wetu, au tuache habari ya albamu tutoe singo mojamoja?"

Mdogo wangu, una maswali mengi, lakini nayaona yote yakitoka kwenye mzizi mmoja. Unaogopa kwamba mlichokuwa nacho Walukuba kimepotea, na hujui kilikuwa wapi: kwenye chumba, kwenye kinanda kile, kwenye lugha, au kwenye nyinyi wawili. Mdhamini ana jibu lake tayari, dada ana lake, nawe umeng'ang'ania mashine kwa sababu ndizo unazozielewa. Mimi nimekaa kwenye meza ya kurekodia zaidi ya miaka ishirini, na nakueleza mapema ninaposimama. Mashine zako hazina kosa, na studio kubwa peke yake haitawaponya. Kilichowakwamisha ni kwamba hamko tena pamoja wakati wimbo unazaliwa.

Hebu turudi kwenye kile chumba chako. Ulipokuwa ukibonyeza kinanda naye amesimama hatua mbili kutoka kwako, mengi yalitokea bila nyinyi kuyapanga. Ulimwona akivuta pumzi, ukaacha vidole vyako mahali hadi amalize mstari. Uliushusha wimbo kwa sababu uliona shingo yake inakaza kwenye noti za juu. Alisahau maneno akaimba "eeh" mahali pake, na hiyo "eeh" ikawa kiitikio. Siku hizi unapanga biti mpaka mwisho, unaituma Kampala, naye anaimba juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Sauti yake inaingia nyumbani na kukuta viti vyote vimekaliwa.

Hilo la viti si mfano tu. Maneno ya mwimbaji tunayasikia vizuri zaidi katika eneo la mitetemo kama 1,000 hadi 4,000 kwa sekunde. Sintesaiza nayo, yaani kinanda chako cha kielektroniki, hasa ukitumia lile wimbi linaloitwa wimbi la msumeno, haikai kwenye noti uliyobonyeza peke yake. Juu ya noti hiyo kuna mitetemo mingine midogo inayopanda mpaka huko huko maneno yanakoishi. Sauti mbili zikigombea eneo moja, sikio huisikia ile yenye nguvu na kuifunika nyingine. Na mtu anayepanga muziki peke yake usiku, hedifoni masikioni, hujaza. Ukimya unamsumbua, basi anaongeza kinanda cha pili, mlio wa kupanda, ngoma za pembeni. Mwenzake angekuwa chumbani angesema tu, "hapo niachie mimi." Dada yako hakuwepo kulisema.

Jipime leo. Chukua wimbo ulio baridi kuliko zote, zima kila kitu isipokuwa ngoma, besi na sauti yake. Sikiliza mara mbili, halafu rudisha sehemu mojamoja na usimame pale tu wimbo unapokuwa umekamilika. Nina hakika nusu ya ulivyoweka vitabaki vimezimwa. Kinachorudi, kifinye kwa filta, ile inayokata sehemu ya juu ya mlio, wakati dada anaimba na ukifungue anaponyamaza. Sehemu nyingine utazishusha oktavu moja, yaani noti zile zile kwa chini zaidi, na hapo utashangaa jinsi sauti inavyosogea mbele bila wewe kuiongezea nguvu hata kidogo.

Kisha kuna simu. Ujumbe wa sauti wa simu umetengenezwa kwa mazungumzo: unabana sauti, unakata sehemu ya juu, na simu yenyewe inajaribu kufuta kila inachodhani ni kelele, pamoja na pumzi ya mwimbaji. Pumzi ndiyo inayomwambia msikilizaji kuna mtu hapo. Hata ukitumia sauti hizo kama mchoro tu wa wimbo, mwambie arekodi kwa programu isiyobana, faili la WAV, na alitume kama hati. Sauti za mwisho za albamu zisitoke kwenye simu kabisa.

Watu watakuambia ubaridi unaletwa na mashine kupiga kila pigo kwa nguvu ile ile na kwa saa ile ile. Ni kweli mashine hufanya hivyo. Lakini katika muziki wenu ngoma ngumu isiyoyumba ni sehemu ya utamu, kwa sababu juu yake kuna koo la binadamu linalochelewa kidogo hapa na kuwahi pale. Acha ngoma zibaki ngumu. Cheza besi na vinanda kwa mkono, huku ukisikiliza dada anaimba, na usinyooshe kila kosa kwenye kompyuta baadaye.

Sasa hoja ya mdhamini. Annie Lennox na Dave Stewart, wale wawili wa Eurythmics wa Uingereza, waliipita njia yenu kinyumenyume. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1981, waliifanyia Ujerumani na prodyuza mwenye jina kubwa, Conny Plank. Wapiga dramu wenye sifa walikuwepo, mmoja wao Clem Burke wa bendi ya Blondie. Yaani walikuwa na kila kitu mdhamini wako anachokuahidi. Haikuuza. Kwa albamu ya pili walichukua mkopo benki, wakanunua vifaa vyao wenyewe, wakajifungia kwenye chumba kilicho juu ya karakana ya fremu za picha huko Chalk Farm, London. Sehemu kubwa ya albamu ilitoka humo. Kinasa sauti chao kilikuwa cha njia nane tu, yaani sehemu nane za kurekodiwa kila moja kando. Laptopu yako inakupa mamia, nami naamini hiyo ni sehemu ya taabu yako, kwa maana mwenye njia nane analazimika kuchagua leo, siyo kesho. Walitumia mashine ya ngoma, na katika wimbo uliobeba jina la albamu waligonga hata chupa za maziwa zilizotiwa maji kwa vipimo ili zitoe noti waliyoitaka. Mwaka 1983 wimbo huo, "Sweet Dreams (Are Made of This)", ulifika nafasi ya pili Uingereza na ya kwanza Marekani. Kinachonigusa mimi ni kwamba hawa wawili walikuwa wapenzi, mapenzi yakaisha, na bado waliweza kuketi chumba kimoja kazi ikaendelea.

Walinganishe na Yazoo, wawili wengine wa Uingereza. Vince Clarke aliondoka kundi la Depeche Mode mwaka 1981, akaungana na Alison Moyet, mwanamke mwenye sauti nzito ya muziki wa blues juu ya mashine zilizo kavu kabisa. Albamu yao ya kwanza, 1982, iliwapa jina. Ya pili waliirekodi kila mtu kwa zamu yake, kwa muda mwingi hawakuwa studioni pamoja, na ilipofika madukani Julai 1983 walikuwa wameshatengana. Ilipanda hadi nafasi ya kwanza Uingereza, kwa hiyo sikuambii kwamba kurekodi mbalimbali huharibu albamu. Nakuambia kunaweza kuwamaliza wawili wenyewe. Clarke huyo huyo akaja kuanzisha Erasure na Andy Bell. Ya kwanza, 1986, ilipita kimyakimya; ya pili, 1987, ikaingia kumi bora za Uingereza, na wawili hao wakaendelea pamoja miongo mingi baadaye. Mtu yule yule, aina ile ile ya mashine.

Lakini nimtendee haki mdhamini. Studio nzuri ina chumba kisicho na mwangwi, maikrofoni ya maana, na fundi mitambo mwenye masikio mapya. Hivyo mnavihitaji, ila mwishoni. Kama kweli ana nia njema, mwombeni siku mbili au tatu za kurekodi sauti, kisha miksi, yaani kuzichanganya sehemu zote ziwe wimbo mmoja. Kutunga na kupanga kubaki kwenu. Mpiga dramu na gitaa vitageuza bendi, na sauti ya watu wawili ni ngumu kuipata tena ukishaijaza watu.

Ombi la dada la embaire nimelisoma nikafurahi, na hapa wewe ndiye unayehitaji kulegea. Umewahi kukaa karibu na embaire ikipigwa kijijini? Vipande vikubwa vya mbao vimelazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, wapigaji wamekaa pande zote mbili wakitazamana. Mmoja anapiga mstari wake, mwenzake anaingiza noti zake katika nafasi zilizobaki, moja yako moja yangu, kwa kasi ambayo mkono wa mtu mmoja usingeiweza. Tuni unayoisikia ukiwa pembeni haipo kwa mpigaji yeyote peke yake. Amadinda, marimba ya Baganda, nayo hufanya hivyo. Kile unachokifanya kwenye laptopu, unapopanga mlolongo wa noti fupi zinazozungukana, babu zako wa Busoga wamekifanya siku nyingi kwa mbao na udongo. Kwa hiyo sioni vita kati ya matakwa yako na ya dada. Mwaka 2023 kundi la Nakibembe, la huko huko Busoga, lilitoa albamu ya embaire ambamo wanashirikiana na wawili wa Indonesia wanaotumia mashine, Gabber Modus Operandi. Gulu nako, kaskazini mwa nchi, miziki ya harusi ya Waacholi imekuwa ikitengenezwa kwa kompyuta kwa miaka mingi, kwa vile kuleta kundi zima la wapigaji ni gharama.

Kuna mtego mmoja wa kifundi, na nimeona watu wakiuingia. Kinanda chako kimegawanya oktavu hatua kumi na mbili zilizo sawa. Tukizipima kwa kipimo cha senti, kila hatua ni 100, jumla 1,200. Embaire ina noti tano katika oktavu, na zimekaa karibu na mgawanyo sawa, yaani kama senti 240 kila hatua. Noti yake ya pili basi inaangukia kwenye 240, wakati kinanda chako kina 200 na 300, katikati hakuna kitu. Ukiweka vyote viwili bila kurekebisha, masikio yatasema embaire imekosea, na mtu wa studio atakimbilia kuinyoosha kwa kompyuta. Usimruhusu. Nyoosha sintesaiza, maana yenyewe haina mbao ya kuchonga upya. Programu nyingi zinakuruhusu kupanga kila noti kwa senti. Nenda na simu yenye kipima noti, pima kila kipande cha embaire mtakayoirekodi, kwa sababu kila moja huchongwa kwa sikio la fundi wake na haifanani kabisa na ya kijiji cha pili. Andika vipimo, weka kwenye kinanda, kisha acha besi iwe na noti chache. Nyimbo mbili au tatu za namna hii zinatosha. Msiipeleke embaire kwenye albamu nzima kwa sababu tu mmeipata.

Na wapigaji wa kijijini walipwe, majina yao yaandikwe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inamtambua mpigaji pia, si mtunzi peke yake.

Kuhusu Kiswahili sitasema mengi, ingawa ni jambo linalonikera. Wazee wanaokisikia kama lugha ya kambi na vizuizi vya barabarani wana kumbukumbu za kweli, hasa za miaka ya 1970, na si haki kuwacheka. Lakini tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii, na mwanamuziki wetu Jose Chameleone alijijengea jina Afrika Mashariki nzima kwa kuchanganya Kiswahili na Luganda. Walukuba ni mtaa wa wafanyakazi waliotoka kila kona, Kiswahili chenu ni cha nyumbani. Imbeni hicho hicho, na Lusoga kikiingia kiingie. Msivae Kiswahili cha Dar es Salaam ambacho hamkizungumzi.

Singo au albamu? Kwa pesa na kwa redio, singo ni rahisi: unamaliza mmoja, unasikia watu wanasemaje, unajifunza. Albamu inakupa nafasi ya nyimbo ambazo hazitapigwa kwenye taksi lakini ndizo watu watakazowapendea. Kwa hali yenu ningeanza na nyimbo nne zinazoishi pamoja, nizitoe, halafu nione. Pia achana na wazo kwamba albamu ya pili lazima iwe mpya kuanzia mstari wa kwanza. Pet Shop Boys, nao wawili wa Uingereza, walipotoa yao ya pili mwaka 1987, wimbo uliowapeleka nafasi ya kwanza, "It's a Sin", walikuwa nao tangu 1984, kabla hata ya albamu ya kwanza kutoka. Fungua lile folda la zamani la Walukuba. Humo kuna mlichotunga mkiwa chumba kimoja.

Sasa mkataba, na hapa nataka unisikilize vizuri. "Tutaandika baadaye" ni maneno ya kukimbia. Katika wimbo mmoja kuna mali mbili: utunzi, yaani maneno na tuni, na rekodi yenyewe. Anayelipia studio mara nyingi anataka rekodi, na hilo linaweza kujadiliwa. Hatari ni hii: sheria yetu inasema kazi iliyoagizwa na mtu mwingine, kama hakuna mkataba unaosema vinginevyo, hakimiliki yake huenda kwa aliyeagiza. Mkiingia studio kwa pesa yake na kwa maneno ya mdomo, mmempa hoja. Miaka mingi nyuma niliwarekodi kaka na dada kwa mpango wa namna hiyo, nami nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nalipwa kwa siku. Nyimbo zilipendwa, wao hawakupata kitu, na walipokosa mtu wa kumlaumu wakalaumiana. Sitanyamaza tena. Nendeni kwa wakili wa mikataba, si jamaa anayejua jua sheria, kabla ya kurekodi hata noti moja. Sajilini kazi zenu URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Hakimiliki huanza pale wimbo unapowekwa kwenye maandishi au rekodi, lakini cheti ni ushahidi mkononi. Mjiunge na UPRS, chama kinachokusanya malipo ya wanamuziki, ili zikipigwa hadharani mlipwe. Na kabla ya hayo, nyinyi wawili andikianeni karatasi moja: kila wimbo ni wa nani, kwa sehemu ngapi, na nini kitatokea mmoja akiondoka. Ndugu wa damu huona aibu kuandikiana. Andikianeni mkiwa bado mnapendana.

Nimeacha la mwisho lililo la haraka kuliko yote. Sauti inayokwaruza miezi mitatu si vumbi mpaka daktari aseme ni vumbi. Ikizidi wiki tatu hivi, mtu anapaswa kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo; hospitali ya Mulago, Kampala, wapo. Inaweza kuwa asidi inayopanda kutoka tumboni, inaweza kuwa vinundu kwenye nyuzi za sauti vya mtu anayeimba kwa kulazimisha, inaweza kuwa jambo jingine, na kwa kusikiliza faili mimi siwezi kutofautisha. Daktari huingiza kioo au kamera ndogo akaziona nyuzi hizo. Dada akiona anakosa pumzi, anameza kwa maumivu au anatema damu, aende siku hiyo hiyo. Mpaka hapo asiimbe kwa nguvu, asinong'one pia kwa kudhani anapumzika, kwa sababu kunong'ona nako kunachosha nyuzi. Anywe maji, asitafune dawa za kukausha koo ili apande jukwaani. Usimrekodi.

Wala muda huo hautapotea. Kutoka Jinja hadi Kampala ni kama kilomita 80. Jumamosi hii panda taksi na laptopu na kile kinanda kidogo cha albamu ya kwanza, umsindikize dada hospitalini akipata nafasi, kisha mkae chumbani kwake. Yeye hataimba, atakaa upande wa pili wa meza na kukuambia wapi uzime. Fungueni wimbo ulio baridi kuliko zote, muushushe kwanza noti mbili, na umuulize pale kwenye mstari wa pili angependa wewe unyamaze kwa muda gani.